Milioni 3 ni Kikomo cha Bima, si cha Haki Yako

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulifikiria tukiwa tayari tumelazwa wodini, mguu umefungwa plasta hadi pajani: nani atalipa?

Ajali ikitokea usiku, tuseme pale Mtwapa, watu wakalikimbilia gari na kumkuta dereva ananuka pombe, kelele zote huwa za pombe. "Huyu amelewa chakari!" Mmoja anamrekodi kwa simu anavyopepesuka, mwingine anaitoa chupa chini ya kiti na kuiinua juu ionekane. Hasira hiyo naielewa. Lakini katika umati ule wote ni nadra kumwona mtu akipiga picha ya nambari ya gari na cheti cha bima kwenye kioo cha mbele. Kwa majeruhi aliyelala kando ya lami, kile cheti kina uzito kuliko ile chupa.

Kwa nini nasema hivyo? Dereva mlevi akishtakiwa, kesi ile ni ya Jamhuri dhidi yake. Majeruhi ni shahidi tu. Hapa Kenya, Sheria ya Trafiki inasema anayepatikana na hatia ya kuendesha gari akiwa amelewa hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Faini hiyo huingia katika hazina ya serikali. Kuna familia zinazohudhuria kesi ya trafiki mwezi baada ya mwezi, nauli baada ya nauli, zikiamini kwamba siku ya hukumu hakimu atamgeukia mshtakiwa na kumwambia, "Sasa mlipe mama huyu." Kwa kawaida hasemi hivyo. Fidia hudaiwa katika kesi nyingine kabisa, kesi ya madai, na hiyo lazima uifungue wewe mwenyewe. Muda wako ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Anayengoja kesi ya ulevi iishe kwanza, na tunajua jinsi kesi zetu zinavyoahirishwa, anaweza kujikuta muda wake umeliwa wote akiwa amekaa kwenye benchi la mahakama.

Je, huo ulevi hauna kazi yoyote? Unayo. Dereva akipatikana na hatia na kusiwe na rufaa inayosubiriwa, Sheria ya Ushahidi inaifanya hukumu ile kuwa thibitisho kamili kwamba alitenda kosa. Wakili wako ataibeba na kuiweka mbele ya hakimu wa madai, na hapo ubishi wa nani mwenye makosa unapungua sana. Haumaliziki. Upande wa pili bado unaweza kudai kwamba nawe ulikatiza barabara bila kutazama, na mahakama ikakutwika asilimia fulani ya lawama. Lakini unaanza ukiwa juu.

Na kama dereva hakupimwa? Mara nyingi hapimwi. Kipimo cha pumzi, ile Alcoblow tunayoikwepa kwa kupitia vichochoroni, kina kiwango chake, mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Ila polisi wakifika saa mbili baadaye bila mashine, au dereva akiwa naye amepelekwa hospitali, ushahidi huo unayeyuka. Usikate tamaa kwa sababu hiyo. Kesi ya madai haihitaji uthibitishe ulevi. Inahitaji uonyeshe kwamba, kwa uwezekano mkubwa zaidi, aliendesha kwa uzembe. Gari lililoacha lami na kumfuata mtu kibandani kwake linajieleza lenyewe. Namshangaa wakili anayejenga kesi nzima juu ya harufu ya pombe halafu anasahau kuita shahidi aliyeliona gari likihama barabara.

Sasa tuje kwenye bima. Wako wanaoamini kwamba dereva akiwa mlevi, kampuni ya bima inanawa mikono. Hata mawakala wa bima wengine husema hivyo, na wanachanganya mambo mawili. Kwa gari la mwenye bima, ni kweli: alilibamiza akiwa amelewa, asitarajie kampuni imtengenezee. Lakini wewe uliyegongwa si mteja wa kampuni ile. Wewe ndiye huyo mtu wa tatu ambaye sheria ililazimisha bima iwepo kwa ajili yake. Sheria hiyo ni Sura ya 405, na inasema wazi kwamba masharti ya mkataba yanayohusu hali ya mwili au akili ya dereva hayawezi kutumiwa kumnyima mtu wa tatu haki yake. Kampuni hulipa kwanza, kisha ikitaka imgeukie mteja wake mlevi imdai irudishiwe. Ugomvi wao haukuhusu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye zile milioni 3. Sheria hiyohiyo inasema kwamba bima ya lazima haiwajibiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kikomo hicho kimekaa hapohapo kwa miaka mingi, huku bei ya kitanda cha hospitali, ya dawa na ya unga ikipanda bila kukingoja.

Chukueni mfano. Mama ana miaka 38 na kibanda cha mahamri kando ya barabara ya Malindi. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo kwanza anawasha jiko, gari linatoka kwenye disko na kumwingilia. Uti wa mgongo umeumia na hatatembea tena. Kesi inasikizwa, na mahakama inajumlisha: maumivu na kupoteza raha ya maisha, matibabu yaliyopita, matibabu yajayo, msaidizi wa kumgeuza na kumwogesha kwa miaka iliyobaki, na uwezo wa kuchuma uliopotea. Tuseme jumla ni shilingi 7,400,000. Kampuni ya bima inatoa 3,000,000 na barua fupi ya heshima. Zinabaki 4,400,000.

Watu wengi wanaishia hapo. Wanaambiwa "milioni tatu ndiyo sheria" na wanarudi nyumbani. Nisikilizeni vizuri, maana kilichonileta kwenye kipaza sauti leo ni hiki: milioni 3 ni kikomo cha kampuni ya bima. Si kikomo cha hukumu, wala si kikomo cha haki yako. Zile 4,400,000 zilizobaki ni deni la dereva na mwenye gari, deni la hukumu, na linaendelea kula riba.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza uliza: nimshtaki nani? Dereva, ndiyo. Lakini dereva mlevi wa saa kumi na moja alfajiri aghalabu hana chochote ila simu na madeni ya baa. Mtafute mwenye gari. Rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, zitaonyesha limesajiliwa kwa jina la nani, na Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo. Hapa nchini magari huuzwa mkononi na kubadilisha mikono mara tatu kabla ya mtu kukumbuka kubadilisha logibuku, basi msishangae mwenye jina akija mahakamani na makubaliano ya mauzo yaliyoandikwa kwa kalamu. Ndiyo maana wakili mwangalifu huwaunganisha wote: aliyesajiliwa, aliyenunua, na aliyeshika usukani.

Jambo lenye uzito zaidi ni kama dereva alikuwa kazini. Gari la kampuni, lori la mzigo linaloshuka bandarini, tuktuk ya mtu mwingine iliyotolewa kwa hesabu ya siku. Ikiwa aliendesha kwa kazi ya mwajiri au kwa ruhusa na manufaa ya mwenye gari, mwajiri au mwenye gari anabeba mzigo pamoja naye, na huyo ndiye mwenye kiwanja, akaunti na gari la pili. Watajitetea kwamba kijana alilichukua gari bila ruhusa akaenda kujiburudisha, na mara nyingine ni kweli. Mahakama itaangalia funguo alipewa na nani na kwa nini gari lilikuwa njiani saa ile.

Kampuni ya bima yenyewe huwezi kuishtaki moja kwa moja mwanzoni. Hili huwashangaza watu. Unawashtaki dereva na mwenye gari, na kampuni inapewa notisi kwamba kesi imefunguliwa. Notisi hiyo ina siku zake, ni chache, na ikikosekana kampuni inaweza kuponyoka bila kulipa hata shilingi, hata kama hukumu ni yako. Iandikwe, ipelekwe, na nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Ukishinda na kampuni ikanyamaza, unaifungulia kesi ya pili ukiomba mahakama itamke kwamba inawajibika kulipa ile hukumu. Kesi ya pili ya kudai matunda ya kesi ya kwanza! Nadhani hakuna sehemu ya utaratibu huu inayowaudhi majeruhi kuliko hii, na nikiulizwa, ningesema ifutwe.

Lakini mama wa mahamri bado yuko wodini, na yuko mtu amemfikia kabla ya wakili. Mnamjua. Amevaa vizuri, ana faili la plastiki, anauliza hali kwa upole. Pengine ni broka anayemtafutia wakili wateja kwa kamisheni. Pengine ametumwa na upande wa pili. Ana karatasi yenye maandishi ya Kiingereza, madogo, na sehemu ya kutia sahihi chini, au wino wa dole gumba kama mkono umefungwa bendeji. Anasema, "Mama, hii ni ya kukusaidia na bili. Laki mbili, leo hii." Bili ya hospitali haingoji hukumu, nanyi mnajua laki mbili ni nini kwa nyumba isiyokuwa na kitu. Maandishi yale madogo yanasema kwamba amepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hana dai lingine dhidi ya dereva, mwenye gari wala bima. Akishatia dole, zile milioni 7 zimekuwa ngumu mno kuzifikia, pengine zimepotea.

Siwaambii mkatae kila mapatano nje ya mahakama. Mapatano mazuri yapo, na kwa jeraha dogo huenda ndiyo njia ya busara. Ninachosema ni kwamba usikubali bei ya jeraha ambalo daktari bado hajajua litaishia wapi. Mfupa uliovunjika leo unaweza kuhitaji chuma mwakani na upasuaji mwingine wa kukitoa chuma hicho. Na huyo wakili wa kamisheni anayekuambia "nitachukua theluthi ya utakachopata, ukikosa sidai kitu", hapa Kenya Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya namna hiyo. Ada ya wakili ina viwango vyake.

Tukiwa bado wodini: risiti. Gharama zilizokwisha kutumika hazikadiriwi na mahakama kwa huruma, hutajwa moja moja katika madai na kuthibitishwa kwa karatasi. Magongo, dawa za duka la nje, eksirei, teksi ya kwenda kliniki kwa sababu matatu haipandiki. Nunua bahasha moja kubwa, kila kitu kiingie humo, pamoja na abstrakti ya polisi, nambari ya OB, fomu ya P3 na muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitali. Biashara ya kibandani nayo ina ushahidi wake. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 inaonyesha nani alilipia mahamri na kiasi gani kiliingia. Bila hiyo, mara nyingi mahakama hurudi kwenye kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali, na mama aliyekuwa akiingiza mara mbili ya hapo anahesabiwa nusu. Gharama za matibabu yajayo na za msaidizi wa nyumbani nazo lazima ziwemo katika hati ya madai yenyewe. Ukizikumbuka siku ya kutoa ushahidi, umechelewa.

Jeraha likiwa dogo, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambako dai lisilozidi shilingi milioni 1 linatakiwa kukatwa ndani ya siku 60. Ni mahakama nzuri. Lakini usimpeleke huko mtu wa uti wa mgongo kwa sababu tu ya haraka, maana kile kinachozidi milioni moja unakiacha mlangoni.

Nina neno kwa vijana. Umetoka disko, rafiki yako amelewa, anakwambia panda nikupeleke. Ukipanda na mkagonga mti, hali yako ni mbaya kuliko ya yule aliyegongwa barabarani. Bima ya lazima ya gari la kibinafsi haimlazimishi mwenye gari kumkinga abiria aliyepewa lifti ya bure. Inawakinga abiria wa kulipa nauli, kama wa matatu. Kumkinga rafiki ni nyongeza inayonunuliwa, na wengi hawainunui. Juu ya hayo, wakili wa upande wa pili atakuuliza mahakamani: ulimwona akinywa? Ngapi? Na ulipanda? Kila jibu linakupunguzia asilimia. Basi mwite bodaboda, ila naye umnuse kwanza.

Tumezungumza kana kwamba bima ipo na kampuni iko hai. Je, ikifa? Wakubwa mtakumbuka United Insurance ilipoanguka mwaka 2005, na Blue Shield ilipowekwa chini ya usimamizi mwaka 2011. Matatu nyingi zilikuwa huko, na watu waliokuwa na hukumu mkononi wakabaki na karatasi. Upo Mfuko wa Kufidia Wenye Bima kwa ajili ya hali hiyo, lakini malipo yake hayazidi shilingi 250,000 kwa dai moja. Kati ya 250,000 na milioni 3 kuna shimo, na kati ya milioni 3 na 7.4 kuna shimo lingine.

Na kama cheti ni cha bandia, au cha mwezi mmoja kilichoisha muda juzi usiku, au gari limekimbia na halijulikani? Hapa kwetu hakuna mfuko wa kumpokea majeruhi huyo. Uingereza wana shirika linalochangiwa na kampuni zote za bima ya magari tangu 1946, kazi yake ni kuwalipa waliogongwa na wasio na bima. Afrika Kusini wanakata sehemu ya bei ya kila lita ya mafuta kwa ajili ya majeruhi wa barabarani. Mfuko wao una matatizo yake mengi, siusifii uendeshaji wake, lakini wazo lenyewe ni la haki. Ndugu zetu walioko Texas nao wanajua mtindo mwingine: dereva wa huko anatakiwa awe na bima ya angalau dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, kiasi ambacho hospitali za kule hukimaliza kwa siku chache, kwa hiyo kampuni inalazimika kukuuzia, isipokuwa ukikataa kwa maandishi, kinga yako wewe dhidi ya dereva mwenye bima ndogo au asiye na bima. Sisi tangu Julai 2024 tunalipa shilingi 25 kwa kila lita kwa ajili ya kutengeneza barabara. Barabara hizo huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na idadi ya wanaobaki vilema ni kubwa zaidi. Shilingi moja kati ya hizo 25 ingewekwa kando kwa ajili yao, sidhani kama yuko dereva ambaye angeisikia uchungu.

Hilo ni la wabunge. La mama wa mahamri ni zile 4,400,000 zilizobaki, na ngoja nimalizie hapo. Hukumu haijilipi. Wakili huomba mahakama itoe amri ya kukamata mali, dalali akaenda akaandika gari na vitu vya nyumbani vinavyoruhusiwa kisheria. Akaunti ya benki inaweza kushikwa. Mshahara unaweza kukatwa, ila theluthi mbili zake hazigusiki. Ardhi inaweza kuuzwa, na hapo ndipo ujanja huanza: mwenye gari akishapata hati ya madai, ghafla shamba linahamia jina la shemeji. Ukiona dalili hizo mapema, mahakama inaweza kuombwa izuie mali hata kabla ya hukumu, mradi una ushahidi kwamba anaihamisha ili kukukwepa, si tetesi za mtaani.

Na akiwa hana kitu kweli? Hukumu ya mahakama hudumu miaka 12 kabla ya kupitwa na wakati. Kijana wa miaka 26 asiye na kitu leo anaweza kuajiriwa mwaka wa nne na kununua kiwanja Kisauni mwaka wa saba. Kwa hiyo msiifungie ile faili kabatini. Kila baada ya muda mwulizeni wakili atafute jina lake katika rekodi za ardhi na za magari, na akilipata, arudi mahakamani na hukumu ileile, pamoja na riba yake.